Seleri ipande na uile, lakini tembe usizitupe

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu aliyestaafu, aliacha kuja kliniki kwa muda wa miezi minne. Aliporudi hakuja kwa miguu yake. Aliletwa na mkewe na kijana wao wakiwa wamemshika huku na huku, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea kama kamba. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 210 kwa 120.

Nilimuuliza mama ni lini mzee alipomeza dawa mara ya mwisho. Aliinamisha uso kwanza, kisha akasema, "Daktari, dawa aliziacha. Alikuwa akinywa seleri."

Glasi moja kila asubuhi, kabla ya kutia chochote kinywani. Rafiki yake alikuwa amemweleza kwamba maji ya mboga hiyo husafisha mishipa ya damu na kumwondolea mtu haja ya tembe. Wiki ya kwanza alijisikia mwepesi. Wiki ya pili akasema kichwa hakimgongi tena. Wiki ya tatu tembe zikaingia kwenye droo na hazikutoka tena.

Mzee hakufa, namshukuru Mungu. Leo anatembea kwa mkongojo, na yule aliyeandika ubaoni kwa miaka zaidi ya thelathini anajifunza kutia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Kosa la daktari

Ni rahisi kumlaumu mzee, au rafiki yake. Lakini kuna jambo ambalo sina budi kulikiri. Miezi kadhaa kabla ya hapo mzee huyo aliniuliza, "Daktari, hii seleri wanayoisema watu, ni kweli inasaidia?" Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nilicheka, nikamwambia asisikilize maneno ya watu, nikamwandikia dawa zake na kumwita aliyefuata.

Hakuniuliza tena. Alikwenda kumuuliza mtu ambaye hangemcheka.

Tangu siku ile nimelichukua swali la seleri kwa uzito. Nimesoma yaliyoandikwa juu yake, na nimeipanda nyumbani kwangu hapa Nairobi ili niijue mboga yenyewe. Maoni yangu leo ni haya: seleri ni mboga nzuri ambayo imepewa kazi isiyo yake. Mahali pake ni bustanini na chunguni. Ikikaa hapo inaweza kukufaa sana wewe mwenye shinikizo la damu. Ikiwekwa mahali pa dawa, inaweza kukuua.

Seleri ina nini?

Seleri ni ya ukoo mmoja na karoti na dania. Tunachokula hasa ni vikonyo, yaani vile vijiti vinene vinavyobeba majani. Karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Katika gramu 100 mna miligramu 260 hivi za potasiamu, madini ambayo husaidia mwili kuondoa chumvi na kulegeza mishipa ya damu. Hapa ndipo uvumi ulipopata mguu wa kusimamia.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Ukiitegemea seleri peke yake, itakubidi ule zaidi ya kilo moja na robo kila siku. Ndizi mbivu ina potasiamu nyingi kuliko seleri kwa uzito uleule, na maharagwe yanaishinda pia. Sijasikia mtu akisema ameacha dawa kwa sababu amekula ndizi.

Ni kweli pia kwamba kuna tafiti ndogo zilizojaribu dondoo la mbegu za seleri kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Lakini dondoo la mbegu lililopimwa na kutiwa kwenye vidonge si sawa na glasi ya maji ya vikonyo vilivyosagwa jikoni. Na tafiti hizo hazitoshi kumfanya daktari mwenye akili timamu amwambie mgonjwa aache tembe.

Yule mwalimu alijisikia mwepesi, na sidhani alikuwa akidanganya. Lakini shinikizo la damu lina hila moja kubwa: mara nyingi haliumi. Mtu anaweza kuwa na 190 kwa 115 na akacheka, akala, akalala vizuri. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine ile inayofungwa mkononi, basi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiwa ndani ya matatu yenye abiria 14, huenda watatu wenu mnalo.

Chakula chote, si mboga moja

Je, chakula hakisaidii kabisa? Kinasaidia sana. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 459. Baadhi yao walilishwa kwa wiki nane chakula chenye mboga na matunda kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Kwa wale waliokuwa na shinikizo la juu, kipimo cha juu kilishuka kwa pointi 11 hivi na cha chini kwa pointi 5 hivi, wakilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha nchi hiyo.

Hayo si mafanikio madogo. Lakini tazama kilichofanya kazi: sahani nzima, siku baada ya siku. Hapakuwa na mboga moja ya miujiza iliyonywewa alfajiri.

Kisha kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya mkate, soseji na vibanzi. Wengi wetu tunaipita hesabu hiyo kabla jua halijatua. Tunatia chumvi chunguni, tunaongeza vile vipande vya mchuzi vya dukani ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, kisha tunanyunyiza tena mezani kabla hata ya kuonja.

Na hapa ndipo seleri inapoweza kumfaa mgonjwa kuliko inavyomfaa katika glasi. Seleri ina ladha kali yenye uchumvichumvi wa asili. Kata vikonyo viwili vidogo vidogo, vikaange pamoja na kitunguu na nyanya kabla ya kutia maharagwe au ndengu, halafu majani yake uyatie mwishoni kama dania. Utashangaa jinsi chumvi kidogo inavyotosha. Nimewashauri wagonjwa wangu wapunguze chumvi pole pole huku wakiongeza viungo vya shambani: seleri, dania, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, na chakula walichokipenda zamani huwa chawashinda kwa chumvi.

Kwa nini uipande mwenyewe?

Pengine utasema, "Daktari, seleri si ipo sokoni?" Ipo. Lakini seleri ni mboga inayopenda maji kupita kiasi, na katika miji yetu swali la kwanza la kuuliza kuhusu mboga yoyote ni hili: imenyweshwa maji gani?

Sote tunaoishi Nairobi tunajua mashamba yaliyo kando ya mito inayopita mjini, na tunajua rangi na harufu ya maji yake. Wako wakulima wanaomwagilia maji taka kwa sababu hayo ndiyo waliyo nayo, na kwa sababu mboga huota haraka. Siwatukani, wanatafuta riziki. Lakini maji hayo huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na mayai ya minyoo. Sukuma wiki angalau tunaipika. Seleri ya kutia kwenye kachumbari au blenda haipiti motoni, na vikonyo vyake vina mifereji ambamo uchafu hujificha. Kwa hiyo yule anayekunywa glasi ya seleri ya sokoni kila asubuhi akitafuta afya, huenda anakunywa maradhi mengine.

Seleri uliyoipanda mwenyewe unajua ilikunywa nini. Tena huhitaji shamba. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, kilimo cha magunia kilienezwa katika mtaa wa Kibera, na watu wasio na hata hatua moja ya ardhi wakavuna mboga mlangoni pao. Ikiwa gunia lilifaa Kibera, litafaa pia kwenye veranda ya ghorofa ya tatu.

Jinsi ya kuipanda

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilizika mbegu ndani ya udongo kama mahindi, nikasubiri mwezi mzima, hakuna kilichotoka. Baadaye ndipo nikajua kwamba mbegu za seleri ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya mbegu 2,000, na zinahitaji mwanga ili ziote. Jifunze kutokana na kosa langu.

Loweka mbegu usiku kucha. Zinyunyize juu ya udongo laini ndani ya beseni lililotobolewa chini, uzikandamize kwa kiganja, wala usizifukie. Funika beseni kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, uliweke kivulini. Udongo usikauke hata siku moja. Mbegu huchukua wiki mbili hadi tatu kuota. Zikichomoza, ondoa plastiki. Usikate tamaa, kwani miche hukua polepole na huchukua wiki nane hadi kumi kabla ya kufaa kuhamishwa. Usiyekuwa na subira nunua miche kwa mwenye kitalu.

Gunia au debe liwe na tundu chini za kutolea maji. Changanya udongo mzuri na samadi iliyooza kabisa, sehemu mbili kwa moja. Nasema iliyooza kabisa kwa sababu samadi mbichi ina vijidudu vyake, na wewe unakusudia kuila mboga hii ikiwa mbichi. Usitumie debe lililokuwa na rangi au kemikali. Usichote udongo kando ya barabara kuu pia. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na iliyoangukia udongoni miaka ile ingali humo.

Panda mche mmoja kila baada ya sentimita 25 hadi 30. Mahali pafaapo ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Seleri hupenda hali ya hewa ya nyuzi 15 hadi 21, kwa hiyo Nairobi, Limuru na Nakuru zinaifaa. Ndugu zetu wa Mombasa watapata taabu kidogo. Nawashauri waipande katika miezi ya Juni hadi Agosti, kivulini, na watosheke na majani na vikonyo vyembamba, ambavyo kwa mchuzi ni vitamu vilevile.

Siri kubwa ni maji. Mizizi ya seleri haiendi mbali, na ikikosa maji siku mbili tatu vikonyo huwa na nyuzi kama katani na uchungu juu yake. Tena kunywesha kwa vipindi, leo mafuriko na kesho ukame, huweza kuufanya moyo wa mmea uwe mweusi na kuoza. Najua mifereji yetu haitoi maji kila siku. Weka akiba kwenye mtungi, na utumie maji uliyooshea mchele na mboga. Ya sabuni ya kufulia usiyatumie. Funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee.

Wadudu wake ni vidukari, ambao huoshwa kwa maji, na koa, ambao huokotwa usiku kwa tochi. Usikimbilie kunyunyiza dawa ya sumu kwenye mboga utakayoitia kinywani wiki hiyo hiyo.

Wako wanaovifunga vikonyo kwa karatasi ya kaki wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna ili viwe vyeupe na laini. Ni sawa kwa anayependa, lakini mimi huviacha viwe kijani. Miezi mitatu hivi baada ya kuhamisha miche unaweza kuanza kuvuna. Vunja vikonyo vya nje na uyaache ya ndani yaendelee kukua, nawe utavuna mmea mmoja kwa wiki nyingi.

Wenye kuchunga

Kama ilivyo desturi yangu, sina budi kutoa tahadhari. Mwenye maradhi ya figo asinywe maji ya seleri bila kumuuliza daktari wake, kwa sababu figo mbovu hushindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula, seleri ikiwemo, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wako pia watu ambao miili yao huikataa seleri, wakavimba midomo au kubanwa na pumzi. Hao waiache kabisa. Na ukivuna nyingi, nawa mikono kabla ya kukaa juani, kwani utomvu wake ukichanganyika na jua huweza kuchoma ngozi.

Mwisho, nina ombi kwa watu watatu.

La kwanza ni kwa madaktari wenzangu na wauguzi. Mgonjwa akikuuliza kuhusu seleri, kitunguu saumu au mwarubaini, usicheke. Dakika mbili za maelezo ni rahisi kuliko kitanda cha kiharusi. Muulize kila anayekuja, kwa sauti ya upole, anatumia nini kingine nyumbani.

La pili ni kwa wenye nyumba za kukodisha. Magunia mawili ya mboga nyuma ya nyumba hayaharibu ukuta. Mpangaji anayekula vizuri hulipa kodi bila kukatizwa na bili ya hospitali.

La tatu ni kwako, mwenye tembe kwenye droo. Zitoe leo. Nenda ukapimwe, hata kama unajisikia kijana wa miaka ishirini. Ikiwa dawa zinakuchosha, zinakupa kikohozi, zinakumaliza nguvu za kiume au zinakushinda bei, mwambie daktari wako waziwazi. Dawa za shinikizo la damu ni za aina nyingi, na aghalabu hupatikana nyingine itakayokufaa. Na ukila vizuri, ukatembea, ukapunguza chumvi na uzito, huenda siku moja daktari mwenyewe akakupunguzia tembe. Lakini apunguze yeye baada ya kukupima, usijipunguzie wewe.

Yule mwalimu huja kliniki kila mwezi sasa. Mwezi uliopita shinikizo lake lilikuwa 134 kwa 82. Mkewe ameotesha seleri katika madebe mawili karibu na mlango wa jikoni, kwa miche niliyompa mimi. Mzee huinywesha kila jioni kwa mkono wa kushoto, kisha huingia ndani, na mama humpa glasi ya maji na tembe zake.